Muhuri wa Balozi Mdogo wa Ureno

Katika muongo wa 1910 aliishi hapa Unguja kijana mmoja mwanasheria kutoka Ureno, jina lake Aristides de Sousa Mendes. Alikuwa balozi mdogo wa nchi yake katika visiwa hivi, ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Kazi yake ilikuwa kama ya mabalozi wadogo wote: kuandika barua, kutazama hati za wasafiri na kuzigonga muhuri. Wachache mno visiwani leo wanaolijua jina lake. Hata hivyo yafaa tumkumbuke, kwani habari zake zinamhusu kila mtumishi wa serikali aliyekabidhiwa kalamu na muhuri.

Alizaliwa mwaka 1885 katika kijiji cha Cabanas de Viriato, katika ukoo wa wenye ardhi washikao dini ya Kikatoliki, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Coimbra. Mkewe, Angelina, alimzalia watoto 14. Baada ya Unguja alitumikia Brazil, Marekani, Hispania na Ubelgiji, na mwaka 1938 akapelekwa Bordeaux, mji wa bandari kusini magharibi ya Ufaransa.

Vita vilipoanza, serikali ya Salazar, ile ile iliyoikandamiza Msumbiji, ilitangaza kwamba haielemei upande wowote. Tarehe 11 Novemba 1939 ikatoa Waraka Namba 14. Waraka huo uliwakataza mabalozi wadogo kuwapa viza, bila ya idhini ya Lisbon, watu wasio na uraia, Warusi, na Mayahudi waliofukuzwa katika nchi zao.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliishambulia Ufaransa. Wakuu wa majeshi ya Ufaransa na Uingereza walikuwa wakiamini kwamba ngome za Maginot zingeulinda mpaka wa mashariki, na kwamba adui angepitia Ubelgiji kama alivyofanya mwaka 1914. Wakayapeleka kaskazini majeshi yao yaliyo bora. Vifaru vya Wajerumani vikapenya misitu ya Ardennes, vikavuka mto Meuse penye mji wa Sedan, vikayazunguka majeshi hayo kwa nyuma. Askari zaidi ya 338,000 walivushwa bahari kutoka Dunkirk. Mpango wa kuwaokoa askari ulipatikana; wa kuwaokoa raia haukupatikana.

Paris ilianguka tarehe 14 Juni. Watu wasiohesabika walimiminika kusini, miongoni mwao Mayahudi waliokwisha kuwakimbia Manazi zaidi ya mara moja. Wengi walifika Bordeaux wakalala mitaani, na mbele ya ofisi ya Sousa Mendes wakajaa hata ngazini. Alijuana na rabi mmoja, Chaim Kruger, akawa tayari kumsaidia yeye na jamaa yake. Rabi akakataa kuokoka peke yake na kuwaacha wenziwe nje. Balozi yule akaugua kwa dhiki ya moyo, akalala kitandani siku kadhaa. Tarehe 17 Juni, siku ile ile Pétain alipoomba kusimamisha vita, aliinuka akatangaza kwamba atampa viza kila aombaye, bila ya kuuliza taifa wala dini. Alitia saini mchana na usiku, na wasio na fedha hakuwatoza. Akaendelea hivyo hivyo Bayonne, na tena Hendaye karibu na mpaka wa Hispania, mpaka Lisbon ilipomwita arudi. Maelfu ya watu walivuka kwa saini yake.

Salazar hakumsamehe. Mwezi wa Oktoba 1940 alimwondoa kazini kwa mwaka mmoja kwa nusu mshahara, kisha astaafishwe. Mtu aliyekuwa na jumba kijijini alifika kula chakula cha msaada kilichopikwa na jumuiya ya Mayahudi wa Lisbon. Alikufa maskini tarehe 3 Aprili 1954. Bunge la Ureno lilimfutia makosa mwaka 1988, na mwaka 2021 akaenziwa katika jengo la mashujaa wa taifa.

Sasa tutazame walivyofanya wakubwa. Tarehe 17 Desemba 1942 madola yaliyopigana na Hitler yalitangaza hadharani kwamba Mayahudi wanaangamizwa. Mwezi wa Aprili 1943 wajumbe wa Uingereza na Marekani walikutana Bermuda, wakaachana bila ya jambo la maana. Hoja yao ilikuwa kwamba dawa ya dhuluma ile ni kushinda vita kwanza. Hapana shaka ushindi ulikuwa wa lazima. Lakini majeshi yao yalipotua Normandy mwezi wa Juni 1944, wengi wa wale Mayahudi milioni sita waliouawa walikuwa wamekwisha kufa. Balozi mdogo asiye na hata bunduki moja alikuwa ametangulia kwa miaka minne.

Hatusemi haya ili kuhalalisha utovu wa nidhamu. Sisi tulio katika Chama na Serikali twajua kwamba nchi ambayo kila karani hujichagulia waraka wa kuutii haiendeshwi siku mbili. Lakini tupime vizuri. Yuko avunjaye waraka usiku, mlango umefungwa, kwa ajili ya mfuko wake. Sousa Mendes aliuvunja mchana, mbele ya watu, kwa jina lake mwenyewe, akaipokea adhabu iliyomfika. Waliotii waraka ule walibaki na vyeo vyao.

Aliyepitia chuoni kabla ya skuli alifundishwa mapema uzito wa nafsi moja. Somo hilo lisibaki chuoni. Ndugu mtumishi, kabla hujamwambia mwananchi aliyesimama mbele ya meza yako arudi kesho, mtazame uso, kisha ujiulize kama hiyo kesho anayo.