Humphry Davy na Taa ya Wachimba Makaa

Katika madarasa yetu ya kemia, Humphry Davy hutajwa kwa ajili ya potasiamu na sodiamu, alizozitenga kwa nguvu za umeme mwaka 1807. Mwanafunzi hukariri, akaendelea na mengine. Mimi humkumbuka zaidi kwa taa.

Alizaliwa mwaka 1778 katika mji wa Penzance, Uingereza. Baba yake, mchonga mbao, alifariki na kuiachia jamaa madeni, na kijana akawa mwanagenzi wa tabibu. Chuo kikuu hakukiona. Alijisomea mwenyewe, na kufikia mwaka 1801 alikuwa akihutubia London.

Tarehe 25 Mei 1812, gesi ililipuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, ikaua watu 92, wakiwemo watoto. Wachimbaji wa enzi hizo walimulika kwa mishumaa. Davy alipoombwa msaada mwaka 1815, alitambua kwamba moto hushindwa kupenya matundu madogo ya wavu wa chuma, kwa kuwa waya huufyonza ule ujoto. Basi akauzingira utambi kwa wavu wenye matundu 784 katika kila inchi ya mraba. Haki ya kuuza uvumbuzi huo peke yake aliikataa. Hata hivyo, George Stephenson, fundi wa migodini, alipodai kwamba naye amebuni taa yake, Davy alimdharau mno, hapo simsifu.

Taa yenyewe ilikuwa hafifu. Wachimbaji waliuvua wavu ili waone vizuri, na wenye migodi wakawapeleka kwenye mashimo ya hatari zaidi kwa kuiamini taa. Milipuko haikukoma. Davy alifariki Geneva mwaka 1829, lakini taa za ukoo huo ziliendelea kutumiwa, hata na wazima moto na waokoaji: mwali ukivaa kilemba cha buluu, kuna gesi, ukififia, hewa ya kupumua imepungua.

Sisi tuliokulia Kimilili tulisoma kwa koroboi, utambi wake uchi, mafuta ya taa chini yake. Aliyejiweza alikuwa na chemli, neno tulilolitohoa kutokana na jina la Kiingereza la dohani, na kioo chake kiliukinga mwali dhidi ya upepo na nguo. Koroboi ingaliko katika nyumba kadhaa, na ingali ikijazwa mafuta huku inawaka.

Mwalimu wa fizikia na aweke wavu wa waya juu ya jiko la gesi la maabara, afungulie gesi, kisha awashe kiberiti upande wa juu tu. Wanafunzi watauona moto ukibaki juu, gesi ya chini isishike.