Waruhiu Itote: Kutoka Vitani na Gerezani Hadi Ujenzi wa Taifa

Miongoni mwa majina yaliyovuma katika historia ya ukombozi wa Kenya ni lile la Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kwa jina lake la vita, Jenerali China. Aghalabu masimulizi kumhusu huishia msituni. Hata hivyo, sehemu ya pili ya maisha yake ilikuwa ndefu kuliko vita vyake, nayo inastahili kuangaliwa.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Nyeri. Mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Ceylon na hatimaye Burma kupigana na Wajapani. Katika jeshi hilo, vijana wa makabila mengi ya Afrika Mashariki waliunganishwa na lugha ya Kiswahili. Huko ugenini alitambua kwamba risasi haikubagua rangi, ilhali mishahara na vyeo vilibagua. Akiwa Calcutta, askari Mmarekani mweusi alimsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Habari hizo hazikumtoka akilini.

Aliporejea nyumbani hakupata ardhi wala heshima, bali kazi ya kuchochea moto katika gari la moshi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ujuzi alioupata katika misitu ya Burma aliutumia kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa na kutiwa mbaroni. Alihojiwa kwa saa nyingi na afisa wa polisi Ian Henderson, kisha akahukumiwa kunyongwa. Ndipo alipokubali kuwaandikia barua wenzake msituni, akiwahimiza wazungumze na serikali. Hukumu ya kifo ikaondolewa, lakini mazungumzo yakavunjika mwezi wa Aprili. Hapa ndipo penye fundo la maisha yake. Kuna waliomwona kuwa msaliti aliyejinunulia uhai; kuna waliosema alitaka kuwanusuru maelfu. Ni vigumu kuamua kwa haki, kwa kuwa mtu mwenye kitanzi shingoni hana hiari kamili. Lililo wazi ni kwamba aliishi na lawama hiyo bila kuikimbia.

Alifungwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, alikokuwamo Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza. Gereza likawa shule ambayo utoto wake haukuikamilisha.

Aliachiliwa mwaka wa 1962. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa mwaka wa 1964, Itote alipewa wadhifa wa uongozi ndani yake. Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Kenya aliyewahi kuwa afisa katika jeshi la wakoloni wakati wa hali ya hatari. Hivyo watu wawili waliokuwa pande mbili za vita wakawa katika ofisi moja, wakiwalea vijana ambao wengi wao hawakuwa na kazi wala elimu. Vijana hao, kutoka Kwale hadi Turkana, walivaa sare moja, wakachonga barabara, wakalima mashamba na kujifunza ufundi. Nidhamu ya kijeshi aliyoipata Itote chini ya Waingereza, na kuitumia dhidi yao, sasa ilishika sururu na sepetu.

Aliandika pia kumbukumbu zake katika vitabu viwili, kimoja mwaka wa 1967 na kingine mwaka wa 1979, asije akasimuliwa na mahasimu wake peke yao. Alistaafu mwaka wa 1984, akafariki mwaka wa 1993.

Wanaomtathmini Itote kwa ile miezi michache ya mwaka wa 1954 humpima kwa kipimo kifupi mno. Alipigana msituni kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Alijenga kwa takriban miaka ishirini. Huduma aliyoitumikia ingali inasajili vijana, na wengi wao huenda hawajui kwamba mmoja wa waasisi wake aliwahi kuhukumiwa kifo.