Bakhita: Aliyekuwa na Kila Sababu ya Kukosa Usingizi



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Endabash. Mchana tunapura maharage na mama, vumbi mpaka masikioni, jioni mwili umechoka kabisa. Ungedhani nikigusa mto tu nalala. Wapi! Nikishazima taa, akili ndiyo inaingia zamu. Yule rafiki niliyemtumia ujumbe WhatsApp, tiki mbili za bluu zipo, mbona hajibu? Lile swali nililojibu vibaya mbele ya wenzangu mwaka juzi, bado wanalikumbuka? Na huu wito wangu, ni wa kweli au najidanganya? Nina shahada ya falsafa, nimesoma hoja za Thomas wa Akwino, lakini ikifika saa nane usiku hoja zote zinakuwa kama gurudumu la lori la vitunguu la Mang'ola lililonasa kwenye tope la masika. Linazunguka kwa nguvu sana, na haliendi popote.

Pale ukutani kwetu kuna kalenda ya zamani ambayo mama hakuitoa kwa sababu ya picha yake. Ni picha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Usiku mmoja nilimulika simu nikamwangalia yule mama mweusi anayetabasamu kidogo, nikajiuliza: hivi huyu alilalaje? Maana kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukesha akiwaza, ni yeye. Basi leo nakusimulia maisha yake. Huenda unamjua jina tu, kama nilivyokuwa mimi.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Olgossa, Darfur, magharibi mwa Sudan. Nyumba yao ilikuwa na furaha na haikuwa maskini. Kwanza watekaji walimchukua dada yake mkubwa. Yeye alimwona mama yake akilia, na kilio kile hakikumtoka moyoni maisha yake yote. Kisha ikafika zamu yake. Alikuwa na miaka kama saba au nane, akitembea karibu na kijiji, wanaume wawili wakamtuma kichakani kuchukua mzigo kana kwamba wanaomba msaada wa kawaida. Alipofika wakamwonyesha kisu. Hakumwona mama yake tena.

Walipomuuliza jina lake, hofu ilikuwa imembana kiasi kwamba hakuweza kulitamka. Tangu siku ile jina alilopewa na wazazi wake lilipotea, hakuweza kulikumbuka hata uzeeni. Wale watekaji wakampa jina la Kiarabu, Bakhita. Wewe Mswahili unalisikia lenyewe, ni mwenye bahati. Ebu fikiria, mtoto ameibwa, halafu anaitwa Bahati.

Alitembezwa miguu peku mamia ya kilomita hadi El Obeid, akauzwa, akauzwa tena. Wakati mmoja yeye na msichana mwenzake walifanikiwa kutoroka usiku. Wakamkuta mchungaji mmoja aliyewakaribisha, kumbe naye akawafunga minyororo pamoja na kondoo wake, kisha akawauza. Kwa bwana mmoja, kijana wa nyumba ile alimpiga hadi akalala mkekani mwezi mzima bila kuweza kuinuka. Baadaye akawa mali ya jenerali mmoja wa Kituruki. Huko mke wa jenerali aliagiza achanjwe mwili kwa wembe ili awe na mapambo, na vidonda vikasuguliwa chumvi visizibe. Makovu zaidi ya mia moja alibaki nayo mpaka kaburini.

Ndugu yangu, sikuandikii haya ili ujione shida zako ni ndogo. Huo si mtindo wa Kikristo. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya ada au matokeo ya mtihani haponi kwa kuambiwa wengine wameteseka zaidi. Nakuandikia ili tuone mtu mwenye kichwa kilichojaa mambo mazito hivi aliishije baadaye.

Mwaka 1883, huko Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa konsuli wa Italia. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, hakuona mjeledi. Miaka miwili baadaye vita vya Mahdi vilipokaribia mji, Legnani alilazimika kuondoka. Bakhita, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa anataka nini, safari hii aliomba mwenyewe achukuliwe. Akafika Italia mwaka 1885, na hapo akakabidhiwa kwa familia ya Michieli iliyokaa Zianigo, karibu na Venezia. Kazi yake ikawa kumlea mtoto wao wa kike waliyemwita Mimmina.

Msimamizi wa mali za familia ile, Illuminato Checchini, alimpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Hakujua ni wa nani yule aliyetundikwa pale. Aliuficha, awe anautazama kwa siri. Alipokuwa mtoto Darfur alizoea kutazama jua na nyota na kujiuliza nani ndiye mwenye vitu hivi vyote. Sasa alianza kupata jibu. Wazazi wa Mimmina waliposafiri kwenda Suakin kushughulikia hoteli yao, yeye na mtoto waliachwa kwa masista Wakanosa wa Venezia, na masista wakaanza kumfundisha imani. Hapo akagundua kwamba yule mwenye jua na nyota anamjua yeye, na kwamba naye huyo Bwana aliwahi kupigwa.

Mwishoni mwa Novemba 1889 mama mwenye nyumba akarudi kuwachukua. Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa wa maisha yake. Akienda, anabaki na Mimmina, mtoto aliyempenda kama wake na ambaye alikuwa akilia asiachwe. Akibaki, hana nyumba, hana ndugu, hana fedha, Kiitaliano chenyewe cha kuungaunga, na ngozi yake peke yake katika mji mzima. Angeweza kuwazia hilo miezi. Yeye alisema habaki mtumishi wa yule mama, anabaki kwa masista, maana akienda atapoteza nafasi ya kubatizwa. Yule mama akakasirika, shauri likafika kwa wakubwa, Patriarki wa Venezia akahusika pamoja na mwanasheria wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini. Alilia kwa ajili ya Mimmina, lakini hakurudi nyuma.

Niruhusu hapa nitumie shahada yangu kidogo. Kufikiri na kuwazawaza si kitu kimoja. Kufikiri kuna mwisho, unapima, unaomba, unauliza mtu mwenye busara, kisha unachukua hatua. Kuwazawaza hakuna mwisho, unapima kile kile usiku wa leo na usiku wa kesho, na hatua huchukui. Bakhita alifikiri. Akaamua. Akalia. Halafu akaendelea na maisha. Machozi si dalili kwamba umeamua vibaya. Mimi hilo ndilo lililonishika zaidi, maana kila nikiumia baada ya uamuzi huwa nafungua kesi upya.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akaitwa Yosefina. Miaka iliyofuata watu walimwona mara kwa mara akikibusu kisima cha ubatizo, kwa sababu pale ndipo alipokuwa mtoto wa Mungu. Tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri katika shirika la masista Wakanosa. Na mwaka 1902 akapelekwa Schio, mji mdogo kaskazini mwa Italia, ambako ndiko alikotumia sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki.

Sasa swali: alifanya nini Schio? Hakuanzisha shirika. Hakuandika kitabu cha teolojia. Alipika. Alidarizi. Alitunza sakristia. Na hatimaye akawa bawabu, yaani mtu wa kufungua mlango. Anayebisha hodi ni mtoto wa shule, anamwekea mkono kichwani. Ni maskini, anamsikiliza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sehemu ya nyumba yao ikawa hospitali ya wanajeshi, akahudumia majeruhi. Watu wa Schio walimwita Madre Moretta, mama mweusi, kwa upendo. Siku zake zilikuwa ndogo namna hiyo: chungu kilicho mbele yangu, sindano iliyo mkononi mwangu, mgeni aliye mlangoni. Huo mlango mmoja ulimtosha.

Mungu alimwita kwa neno la lahaja ya Venezia, Paron, ndilo neno la bosi, bwana mwenye mali. Wewe angalia. Mtu aliyemilikiwa na mabwana wengi, bwana wa kila aina, anachukua neno lile lile na kumpa Mungu, kwa sababu amempata Bwana asiyepiga. Wakimuuliza hali yake, hata akiwa mgonjwa, jibu lake lilikuwa kwamba yuko kama Bwana anavyotaka. Na kuhusu waliomteka, alieleza kwamba kama angekutana nao angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana bila yale yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala sista. Tafadhali usilielewe vibaya. Hakusema utumwa ni mzuri. Alikataa tu kuwaachia watekaji wake nafasi ya kukaa kichwani mwake bila kulipa kodi.

Uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alieleza safari yake kwa mfano wa begi mbili. Anakwenda mbinguni polepole, begi moja lina dhambi zake, jingine, zito zaidi, lina mastahili ya Yesu Kristo. Akifika, atafunika lake kwa lile la Yesu. Basi. Hakuwa na begi la tatu la kubeba watu watasemaje.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba alipona kila kitu. Katika siku zake za mwisho, homa ilipopanda, akili yake ilirudi Sudan. Alimwomba muuguzi alegeze minyororo miguuni, inambana. Zaidi ya miaka sitini ilikuwa imepita! Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Mtakatifu mzima, na jeraha la akili bado lipo. Maana yake kuwa na wasiwasi, kuwa na ndoto mbaya, kuwa na kumbukumbu zinazokuvamia si dhambi na wala si ushahidi kwamba imani yako ni ndogo. Na yeye hakuteseka kimya, alimwambia aliyekuwa karibu yake. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na kila tarehe 8 Februari Kanisa linaombea wahanga wa usafirishaji haramu wa watu.

Kwetu Tanzania habari hii si ya mbali. Mwaka 1868, karibu na wakati Bakhita anazaliwa, wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo wakaanza kuwapokea watumwa waliokombolewa. Wazee wa pwani husimulia kwamba jina la mji ule linatokana na kubwaga moyo: wapagazi walipofika baharini walitua mizigo yao. Usiku ule nilipokuwa naangalia kalenda nilijiuliza, mimi Bagamoyo yangu iko wapi? Mzigo wa leo nautua saa ngapi?

Basi nimejaribu mambo matatu. Hayana maajabu. La kwanza, simu inalala chumba kingine. La pili, kabla ya kulala namkabidhi Mungu jambo moja tu linalonisumbua, kwa jina lake, na kama linahitaji hatua naandika hatua moja ya kesho kwenye daftari. La tatu, asubuhi naanza na mlango ulio mbele yangu, hata kama ni gunia la maharage tu. Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Wa tatu nililala. Wiki iliyofuata nikakesha tena, nikaanza upya. Ndivyo ilivyo.

Na kama wewe usingizi umekukimbia wiki nyingi, chakula hakipiti, au unaona afadhali usingekuwepo, usisubiri makala nyingine. Leo hii mwambie mtu unayemwamini, mama, kaka, padre wako, na uende hospitali. Daktari naye ni njia ya Mungu, na kuomba kulegezewa minyororo si aibu.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye jua na nyota, ulimkuta Bakhita akiwa amesahau hata jina lake, nawe ulikuwa unalijua. Pokea usiku huu mawazo yangu yanayozunguka. Nifundishe kuamua, kulia inapobidi, na kufungua mlango wa leo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.

Ni mimi frateri wenu, kutoka Endabash, Jimbo la Mbulu. Usiku mwema, na simu iweke mbali.