Stephen Cole Kleene

Stephen Cole Kleene (5 Januari 1909 – 25 Januari 1994) alikuwa mwanahisabati na mwanamantiki wa Marekani. Anahesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa nadharia ya ukokotozi, yaani tawi la hisabati linalochunguza mambo yapi yanaweza kukokotolewa kwa kufuata hatua zilizopangwa na yapi hayawezi.

Nje ya duru za wanahisabati anajulikana zaidi kwa kuanzisha semi za kawaida, ambazo watunga programu huziita kwa kifupi rejeksi. Huu ni mfumo wa alama unaotumika kutafuta, kuchagua au kukataa herufi na maneno ndani ya maandishi. Kleene mwenyewe hakuwa mtunga programu, wala hakubuni semi hizo kwa ajili ya kompyuta. Alizipata mwaka 1951 alipokuwa akichunguza ni mambo gani yanayoweza kutambuliwa na mtandao wa seli za neva.

Jina lake la ukoo alilitamka takriban kama "Kleini", ingawa wengi hulisoma "Klini".

Maisha ya awali

Kleene alizaliwa mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake, Gustav Adolph Kleene, alikuwa profesa wa uchumi, na mama yake, Alice Lena Cole, alikuwa mshairi. Familia ilikuwa na shamba huko Union, katika jimbo la Maine, na Kleene alipaona hapo kuwa nyumbani kwake hata baada ya kufanya kazi mbali kwa miaka mingi.

Alisoma katika Chuo cha Amherst na kupata shahada ya kwanza mwaka 1930. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Princeton kwa masomo ya juu, akiwa chini ya usimamizi wa Alonzo Church.

Princeton na mfumo ulioporomoka

Wakati huo Church alikuwa akijenga mfumo mpya wa mantiki ambao alitumaini ungekuwa msingi wa hisabati yote. Kleene alipewa kazi ya kuonyesha kwamba nadharia ya namba 1, 2, 3 na kuendelea inaweza kujengwa ndani ya mfumo huo.

Kikwazo kimoja kilikuwa jambo linaloonekana dogo: kupata kanuni ya kurudi nyuma hatua moja, yaani kutoka namba yoyote hadi ile inayoitangulia. Kwenda mbele kulikuwa rahisi, lakini kurudi nyuma kulimshinda hata Church. Kleene alisimulia baadaye kwamba jibu lilimjia mwaka 1932 akiwa kwa daktari wa meno, alipokuwa aking'olewa magego. Wazo lake lilikuwa kubeba namba mbili kwa pamoja, ile ya sasa na ile iliyopita, na kuzisogeza zote mbili kila hatua.

Baadaye Kleene na mwanafunzi mwenzake, J. Barkley Rosser, waligundua kwamba mfumo wa Church una ukinzani ndani yake: ulikuwa unaweza kuthibitisha jambo lolote, la kweli na la uongo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1935. Kwa Kleene hili lilikuwa pigo, kwa sababu kazi yake ya udaktari ilikuwa imejengwa juu ya mfumo huohuo, na ilimbidi aipange upya. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1934.

Hata hivyo, sehemu moja ya mfumo ilisalimika, nayo ndiyo kalkulasi ya lambda, ambayo leo ni msingi wa lugha kadhaa za programu. Kleene alionyesha kwamba ina nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Church alipopendekeza kwamba kila kinachoweza kukokotolewa kwa hatua za wazi kinaweza kuelezwa kwa kalkulasi hiyo, Kleene alijaribu kwanza kulipinga pendekezo hilo. Aliposhindwa kupata mfano wa kulivunja, akawa mtetezi wake. Jina "tasnifu ya Church", linalotumika hadi leo, lilienea kupitia maandishi ya Kleene.

Wisconsin na vita

Mwaka 1935 Kleene alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, mahali alipofanya kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka wa masomo wa 1939–1940 aliutumia katika Taasisi ya Masomo ya Juu huko Princeton, akiweka misingi ya kazi zake za baadaye kuhusu funksheni zinazojirejea, yaani kanuni zinazojenga jibu la namba moja kutokana na majibu ya namba zilizotangulia.

Mwaka 1941 alirudi Amherst kama mwalimu, lakini Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimtoa darasani. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani, akafundisha maofisa wanafunzi namna ya kuongoza meli, kisha akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi hilo mjini Washington. Alirejea Wisconsin mwaka 1946 na kuwa profesa kamili mwaka 1948.

Mwaka 1952 alitoa kitabu chake maarufu zaidi, Introduction to Metamathematics, ambacho kilisomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa mantiki.

Ripoti ya mwaka 1951

Mwaka 1943 watafiti Warren McCulloch na Walter Pitts walikuwa wamechapisha makala iliyoichora seli ya neva kama swichi ndogo: ama inawaka, ama haiwaki, kulingana na ishara inazopokea. Swali lililobaki lilikuwa hili: mtandao wa swichi za aina hiyo unaweza kutambua mifuatano ipi ya ishara, na ni ipi inayoushinda?

Katika kiangazi cha mwaka 1951 Kleene alilishughulikia swali hilo akiwa katika shirika la utafiti la RAND, huko Santa Monica, California. Aliuona mtandao huo kuwa mashine inayosoma ishara moja baada ya nyingine na kukumbuka tu hali iliyomo kwa wakati huo. Idadi ya hali hizo ina ukomo. Mashine ya namna hiyo huitwa otomata yenye hali za ukomo.

Kleene alithibitisha kwamba mifuatano yote inayoweza kutambuliwa na mashine hizo huelezwa kwa kutumia njia tatu tu:

1. Chaguo: hiki au kile.
2. Mfuatano: hiki, kisha kile.
3. Marudio: hiki, mara yoyote ile, hata mara sifuri.

Alithibitisha pia upande wa pili: chochote kinachoelezwa kwa njia hizo tatu kinaweza kutambuliwa na mashine ya aina hiyo. Matokeo haya mawili kwa pamoja huitwa teoremu ya Kleene. Alama ya marudio aliyoitumia, yaani nyota (*), inaitwa hadi leo nyota ya Kleene.

Mifuatano hiyo aliipa jina la "matukio ya kawaida". Jina lenyewe halikumridhisha sana, na katika maandishi yake alikaribisha mapendekezo ya jina bora. Jina jingine halikushika, na ndiyo maana semi hizi huitwa "za kawaida" ingawa kwa anayeanza kujifunza hazionekani kuwa za kawaida hata kidogo.

Ripoti hiyo ilichapishwa kwa wasomaji wengi zaidi mwaka 1956, katika kitabu Automata Studies kilichohaririwa na Claude Shannon na John McCarthy.

Kutoka neva hadi maandishi

Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wananadharia. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott waliiendeleza katika makala yao kuhusu otomata. Mwaka 1968 Ken Thompson, wa maabara za Bell, alichapisha njia ya kugeuza usemi wa kawaida kuwa programu inayotafuta maneno ndani ya maandishi. Aliziweka semi hizo katika vihariri vya maandishi, na miaka ya 1970 katika programu ya grep ya mfumo wa Unix. Kutoka hapo zilienea katika lugha nyingi za programu.

Njia tatu za Kleene huonekana wazi katika mifano hii:

- Usemi (ki|vi)tabu hukubali "kitabu" na "vitabu". Mstari wa wima ni chaguo, na kuandika vipande sambamba ni mfuatano.
- Usemi pole(pole)* hukubali "pole", "polepole", "polepolepole" na kuendelea. Nyota ni marudio.

Watunga programu waliongeza alama nyingine ambazo hazimo katika ripoti ya Kleene. Kwa mfano, [aeiou] hukubali irabu yoyote moja, na [^aeiou] hukubali herufi au alama yoyote moja isiyo irabu katika orodha hiyo. Hivi ni vifupisho tu. Usemi wa kwanza ni sawa na kuandika a au e au i au o au u, na wa pili ni chaguo refu la herufi na alama zote zilizobaki.

Kukubali na kukataa

Kosa linalowapata wanafunzi wengi ni kudhani kwamba [^kitabu] hukataa neno "kitabu". Usemi huo hushughulika na herufi moja tu: hukubali herufi yoyote isipokuwa k, i, t, a, b na u. Kukataa neno zima ni jambo tofauti, na kazi ya Kleene inaonyesha kwa nini linawezekana.

Ichukuliwe mashine inayotambua mistari yote yenye neno "kitabu", na ambayo kwa kila herufi inayosoma ina hatua moja tu ya kufuata. Majibu yake yakigeuzwa, "ndiyo" ikawa "hapana" na "hapana" ikawa "ndiyo", mashine hiyohiyo itatambua mistari yote isiyo na neno hilo. Na kwa kuwa kila mashine ya aina hiyo ina usemi wake, kama teoremu inavyosema, basi usemi wa kukataa lazima uwepo. Kinachosumbua ni kwamba usemi huo, ukiandikwa kwa njia tatu za msingi pekee, mara nyingi huwa mrefu na mgumu kusomeka.

Kwa sababu hiyo programu nyingi zina njia ya mkato. Katika grep, chaguo la -v hutoa mistari isiyolingana na usemi. Katika Perl na lugha nyingine kadhaa, alama (?!kitabu) humaanisha kwamba mahali hapo pasifuatwe na neno "kitabu".

Mipaka

Ripoti ya mwaka 1951 ilieleza pia kwamba kuna mifuatano isiyo ya kawaida, ambayo hakuna mashine ya hali za ukomo inayoweza kuitambua. Mfano unaofundishwa sana siku hizi ni mabano yaliyo ndani ya mabano. Ili kujua kama kila bano lililofunguliwa limefungwa, ni lazima kuhesabu, na mashine yenye hali chache hatimaye hukosa nafasi ya kuhesabia mabano yanapozidi kuwa mengi.

Baadhi ya lugha za programu zimeongeza uwezo wa kurejelea kipande kilichokwisha kupatikana katika maandishi. Uwezo huo huvuka mipaka aliyoiweka Kleene, lakini una gharama: utafutaji unaweza kuwa wa polepole mno kwa maandishi fulani. Semi zinazobaki ndani ya njia tatu za asili zinaweza kutafutwa kwa kusoma maandishi mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Miaka ya baadaye

Kleene alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha mantiki ya alama, Association for Symbolic Logic, kuanzia mwaka 1956 hadi 1958. Kuanzia 1969 hadi 1974 alikuwa mkuu wa kitivo cha fasihi na sayansi huko Wisconsin. Kipindi hicho kilikuwa kigumu, kwa kuwa chuo kilitikiswa na maandamano ya kupinga Vita vya Vietnam, na mwezi Agosti 1970 bomu lililipuliwa katika jengo la Sterling Hall na kumuua mtafiti mmoja. Kleene alistaafu mwaka 1979.

Alimwoa Nancy Elliott mwaka 1942, nao walipata watoto wanne. Baada ya Nancy kufariki mwaka 1970, alimwoa Jeanne Donne mwaka 1978. Alipenda kupanda milima na alijali utunzaji wa mazingira. Alipenda pia vipepeo, na aina moja ya kipepeo aliyoigundua ilipewa jina lake.

Mwaka 1969 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alipata Tuzo ya Steele mwaka 1983 na Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1990. Alifariki mjini Madison akiwa na umri wa miaka 85.

Urithi

Maktaba ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ilipewa jina lake. Miongoni mwa wanafunzi wake wa udaktari walikuwa Clifford Spector, Yiannis Moschovakis, Joan Moschovakis na Robert Constable, ambao nao walikuja kujulikana katika mantiki na sayansi ya kompyuta.

Nyota yake hutumika kila siku na watu wengi wasiolijua jina lake: anayesafisha orodha ya namba za simu, anayekagua kama anwani ya barua pepe imeandikwa ipasavyo, na anayetafuta neno moja katika maelfu ya kurasa. Swali alilolianza Princeton, la nini kinaweza kukokotolewa na nini hakiwezi, limo ndani ya chombo hicho pia: kinafanya kazi vizuri kwa sababu mipaka yake ilijulikana tangu mwanzo.