George Boole, mwana wa fundi viatu aliyeipa chipu mantiki yake

Mhandisi anayebuni chipu leo huandika maelezo yake kwa lugha maalumu, kama Verilog au VHDL, akitumia NA, AU na SI kueleza ni lini umeme upite na lini ukatike. Maneno hayo matatu yalitiwa katika kanuni za hesabu na mtu aliyefariki dunia mwaka 1864, kabla ya balbu za umeme kuingia majumbani.

George Boole alizaliwa mjini Lincoln, Uingereza, Novemba 1815. Baba yake, fundi viatu, alivutiwa zaidi na kutengeneza darubini kuliko kushona viatu, na biashara ikadorora. Akiwa na miaka 16, George alianza kazi ya ualimu ili kuwalisha wazazi na wadogo zake watatu. Chuo kikuu hakukanyaga. Hisabati ya juu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya Wafaransa. Hata hivyo, mwaka 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo cha Queen's College mjini Cork, Ireland.

Kitabu chake cha mwaka 1854 kilionyesha kwamba hoja inaweza kukokotolewa kama hesabu. Ukitenga mbuzi weupe kundini, kisha ukatenga weupe miongoni mwa hao, unabaki na walewale. Kwa hiyo x mara x ni x, na miongoni mwa namba ni 0 na 1 pekee zinazotii sharti hilo.

Mwaka 1937, Mmarekani Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi, alithibitisha kuwa swichi za umeme hufuata kanuni hizohizo. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja ni NA. Zikiwa sambamba ni AU.

Wanaojifunza Verilog hujikwaa hapo, kwani ina NA mbili. Alama && huuliza tu iwapo pande zote mbili si sufuri; alama & hulinganisha biti kwa biti. Kwa 1010 na 0101, ya kwanza hujibu 1, ya pili 0000. Kosa dogo la uandishi, na saketi ikajibu kinyume.

Boole hakuyaona hayo. Mwishoni mwa Novemba 1864 alitembea kama kilomita 5 mvuani kwenda kufundisha, akasimama mbele ya wanafunzi na nguo zilizolowa. Alifariki Desemba 8 kwa maradhi ya mapafu, akiwa na miaka 49, akimwacha mjane, Mary Everest, na mabinti watano, mdogo wao hajatimiza mwaka.