John Ambrose Fleming: Mwalimu Aliyeanza na Ubao na Chaki

Wanafunzi wetu wa fizikia hukutana na jina la Fleming pale wanapofundishwa kutanua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ili watambue upande ambao waya wenye umeme utasukumwa na sumaku. Wengi huikariri kanuni hiyo na kuijibu katika mtihani, wasijue kwamba aliyeitunga alikuwa mwalimu aliyetaka kuwarahisishia somo wanafunzi wake. Maisha yake yafaa yajulikane na kila afundishaye sayansi mahali penye vifaa vichache.

John Ambrose Fleming alizaliwa tarehe 29 Novemba 1849 katika mji wa Lancaster, Uingereza, akiwa mtoto wa mchungaji. Uwezo wa nyumbani haukutosha kumlipia masomo, hivyo ilimbidi afanye kazi mchana na kusoma jioni, hata akapata shahada London mwaka 1870. Baadaye alifundisha sayansi shuleni huku akiweka akiba. Mwaka 1877, alipokuwa na umri wa miaka 27, akiba hiyo ilimpeleka Cambridge kusoma kwa James Clerk Maxwell. Mihadhara ya Maxwell ilikuwa migumu, na siku nyingine Fleming alikuwa msikilizaji wa pekee.

Katikati ya miaka ya 1880 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa uhandisi wa umeme nchini Uingereza, katika University College London. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini vifaa alivyopewa vilikuwa ubao na kipande cha chaki tu. Fleming aliijenga maabara yake hatua kwa hatua, na kwa wanafunzi wake alitumia kifaa ambacho kila mmoja huja nacho darasani, yaani mkono. Kidole cha shahada huonyesha uga wa sumaku, cha kati huonyesha mkondo wa umeme, na gumba huonyesha upande wa msukumo. Mkono wa kushoto ni wa mota, wa kulia ni wa dainamo.

Tangu mwaka 1882 alikuwa mshauri wa kampuni ya taa ya Edison mjini London, na huko alichunguza jinsi chembe za umeme zinavyoruka ndani ya balbu. Mwaka 1899 akawa mshauri wa Marconi, akasanifu mtambo wa Poldhu uliotumiwa tarehe 12 Desemba 1901 kupeleka ishara ya redio ng'ambo ya Atlantiki. Sifa ya tukio hilo ilimwendea Marconi.

Wakati huo masikio ya Fleming yalikuwa yakizidi kuwa mazito, na ishara za redio zilipokewa kwa kusikiliza. Akatafuta njia ya kuziona kwa macho, kwa mshale wa galvanomita. Mwaka 1904 alizikumbuka zile balbu za zamani. Ndani yake mlikuwa na waya unaowaka na kibati kilichotengwa nao; umeme ulipita upande mmoja tu. Akakiita kifaa hicho valvu, kwa kuwa kinafanya kazi kama valvu ya tairi la baiskeli, iruhusuyo upepo kuingia na kuuzuia usitoke.

Lee de Forest wa Marekani aliongeza waya wa tatu mwaka 1906, na valvu ikaweza kukuza ishara. Ugomvi wa hataza ulidumu miaka mingi, na mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha hataza ya valvu ya Fleming. Yeye alikuwa amestaafu ualimu mwaka 1926 na kupewa cheo cha Sir mwaka 1929. Alifariki tarehe 18 Aprili 1945, akiwa na miaka 95.

Wajukuu wa balbu ile ni valvu kubwa za mitambo ya kurushia matangazo, za aina iliyoenea duniani Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951. Hata leo wako mafundi wanaozichagua kwa vikuza sauti vya nyumbani. Valvu iitwayo 211, kwa mfano, huwashwa kwa volti 10 na ampea 3.25, na kibati chake huvumilia hadi volti 1,250. Anayeichagua hutazama kwanza kama anaweza kupata transfoma ya kustahimili volti hizo. Kwa darasa, kifaa hicho hakifai kabisa: umeme huo huua, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa.

Mwalimu aliyeko Mamba, mkoani Katavi, anaweza kuanza na spika mbovu ya redio. Abandue sumaku yake ya duara, afunue waya mwembamba wa koili, na kukwangua rangi katika ncha zake. Kipande cha waya kipitishwe kikiwa kimelegea karibu na uso wa sumaku, kisha ncha ziguswe kwenye betri ya tochi kwa muda wa sekunde moja. Waya utaruka upande. Betri ikigeuzwa, utaruka upande wa pili. Hivyo ndivyo spika yenyewe inavyotoa sauti.

Utaratibu ndio muhimu. Wanafunzi watabiri kwanza, waone, wabishane juu ya upande. Ndipo kanuni ya mkono iletwe kumaliza ubishi. Ikitangulizwa kanuni, mwanafunzi hupewa jibu la swali asilowahi kujiuliza. Kukosa maabara ni upungufu wa kweli, na haifai tuusifu. Hata hivyo, Fleming anatuonyesha kwamba wakati tunadai vifaa, somo lisingoje.