ISIDORE BAKANJA NA MKUBWA WAKE WA KAZI

Hapa kwetu Kinkondja, tangu bandarini mpaka kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa Kisale, neno linatembea upesi kuliko mtumbwi. Sisi wenyewe, wakati tulipokuwa tukihesabu vifurushi kwa mfanya biashara mmoja, tulisemwa vibaya kwa mkubwa wetu. Tangu siku ile hakutupa amani tena. Basi tukamkumbuka Isidore Bakanja. Yeye hakuwa wa kanisa letu, alikuwa mkatoliki, lakini mateso ya kazi hayaulizi kadi ya ubatizo.

Bakanja alikuwa kijana wa kabila la Mongo, mzaliwa wa Bokendela, upande wa Ekwateri. Alikuwa fundi wa kujenga Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Huko mapadri wakamfundisha, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Kisha akaingia kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa kompani ya SAB, jina lake Reynders, akamfuata mpaka Ikili. Mkubwa wa shamba la Ikili alikuwa Van Cauter, ambaye watu walimwita Longange.

Huyu Longange hakupenda mapadri hata kidogo. Mawakala wengi wa kompani walikuwa hivyo, kwa sababu mapadri waliona jinsi watu walivyotendewa kazini. Kwa hiyo kila mkristo alidhaniwa kuwa mtu wa mapadri, na mtu akisali na wenzake ilisemwa kwamba anawaharibu wafanya kazi, kwamba kesho hakuna atakayetii. Ndiyo fitina yenyewe. Bakanja hakuiba, hakukimbia kazi. Alisali saa ya mapumziko, akafundisha wenzake, akavaa shingoni skapulari, kile kitambaa kidogo cha wakatoliki. Reynders alimwonya asijionyeshe.

Bakanja aliona hatari, akaomba ruhusa arudi kwao. Akanyimwa. Tunataka msomaji aone jambo hili: hakutafuta mapigo. Lakini alipoamriwa kuvua kitambaa, alikataa, akachapwa. Mwezi wa pili wa 1909 Longange akamnyang'anya kile kitambaa, akaamuru alazwe chini, ashikwe mikono na miguu, apigwe kwa fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari. Mapigo yalipita mia moja. Mgongo ukawa nyama tupu. Kisha akafungwa minyororo miguuni.

Baadaye ikasikika kwamba Dörpinghaus, mkaguzi wa kompani, yuko njiani. Longange akataka kumwondoa Bakanja asionekane, akamtuma kijiji kingine. Lakini Bakanja, asiyeweza kutembea sawasawa, akajificha msituni, na mkaguzi alipofika akajitokeza. Dörpinghaus alishtuka sana kwa kuona vidonda vile, akamchukua mpaka Busira atunzwe.

Mapadri wawili walifika kwake mwezi wa saba. Walipouliza nani alimpiga na kwa sababu gani, alijibu wazi, akamtaja Longange. Wako ndugu wanaodhani kwamba mtu aliyesamehe lazima afunge kinywa mbele ya wale wanaochunguza. Bakanja hakufanya hivyo. Alisema kweli mbele ya waliokuwa na haki ya kuuliza, na hakuongeza neno. Ndipo mapadri wakamwomba amsamehe yule mzungu. Akasema hana chuki naye, na kwamba atamwombea hata mbinguni. Sisi, kwa maneno tu bila fimbo, tulikaa muda mrefu bila kumsalimu mkubwa wetu.

Vidonda havikupona. Aliteseka zaidi ya miezi sita. Tarehe 15 Agosti 1909 aliinuka, akatembea kidogo kati ya migomba huku akisali, rozari mkononi, akarudi kulala, akafa siku ileile. Longange alihukumiwa na baraza. Tarehe 24 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Bakanja kuwa mwenye heri huko Roma.